Kabla Mama Vero Hajawasha Simu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Kesho unakabidhiwa grupu la kazi la kwenye simu, kwa hiyo naona heri nikusimulie mwenyewe leo kuliko uje uisikie kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi. Ulipokuja kuniambia kwamba meneja amekuchagua wewe, nilikupongeza, na pongezi zilitoka moyoni. Lakini tangu hapo sijatulia. Nakuona ulivyo mwepesi, unavyojibu watu kabla hawajamaliza kuandika, na najiona mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, umri ambao mtu hudhani ameshakomaa. Nilikuwa karani katika shamba moja la chai huku Konoin, si mbali na Mogogosiek. Jina la shamba tuliache. Mimi Moraa, Mkisii niliyezaliwa huku huku kwenye nyumba za wafanyakazi, nilikuwa na diploma yangu, viatu vyangu vya ofisini ambavyo matope ya huku yalividharau kila siku, na mdomo. Hizi mvi mnazonitania nazo na kuniita shosho, bibi kizee, hazikuwapo. Nyingine zilianza wiki hiyohiyo ninayotaka kukuambia.

Kabla ya simu hizi, tangazo la kazi liliandikwa kwa mkono, likabandikwa kwenye mlango wa stoo, na manyapara wakalisoma kwa sauti asubuhi watu wakipangwa kwenda kuchuma. Halafu meneja akafungua grupu. Wakaingizwa madereva, manyapara, watu wa kiwandani, na kila mchumaji aliyekuwa na simu ya kuingia mtandaoni. Kazi ya kutangaza nikapewa mimi. Siku moja mkutanoni meneja akasema mbele ya wote kwamba Moraa ni mwepesi, habari kwake hailali. Maskini, sifa hiyo ilinilewesha. Nikaanza kushindana na watu ambao hawakujua kwamba wanashindana. Trekta ikichelewa, ninatangaza kabla dereva hajajieleza. Mtu akikosea, namwandika jina lake pale mbele ya wenzake, kwa herufi kubwa, bila hata hamjambo. Nyapara mmoja alinijibu siku moja, "Madam, hata salamu hakuna?" Nikacheka. Salamu za nini, na hii ni kazi?

Mtu mmoja tu hakuandika chochote kwenye grupu lile. Huyo ni Mzee arap Sang, mkuu wa manyapara wote, Mkipsigis mrefu wa viatu vya gambuti na koti zito, asiyelivua hata jua likiwaka. Akiwa na neno na wewe anakuja mpaka mlangoni. Anasimama. Anakusalimia, anauliza nyumba yako, anauliza kama mvua ya jana iliwanyeshea hata ninyi, na ndipo anasema alichokuja kusema. Mimi nilikuwa namwona mpoteza wakati. Mara nyingine nilimjibu huku macho yangu yako kwenye simu. Nikikumbuka hilo peke yake naona haya, na bado sijafika kwenye kosa lenyewe.

Asubuhi hiyo ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nikapigiwa na dereva wa trekta, analia. Trela ya majani imepinduka kwenye kona ya kushuka mtoni. Ochieng', mpakiaji aliyekuwa amesimama nyuma, alibanwa. Walimtoa, wakamkimbiza hospitalini, akakata roho kabla hawajafika.

Nilimjua Ochieng'. Alikuwa mtu wa mzaha, hapiti dirishani pangu bila kuniuliza kama Wakisii wamebakisha ndizi. Nilisikitika, mwanangu, sitaki udhani nilikuwa na moyo wa jiwe. Lakini chini ya hayo masikitiko kulikuwa na kitu kingine kinachowasha. Nilitaka habari itoke kwangu kwanza. Nikaandika: "Kwa huzuni tunatangaza kifo cha mwenzetu Ochieng' wa usafirishaji, kilichotokea asubuhi hii katika ajali ya trekta. Poleni familia." Nikaweka na mshumaa. Nikatuma.

Majibu yakaanza kumiminika. Poleni. Poleni sana. Mungu amlaze. Mishumaa, mikono iliyokunjwa, nyuso zinazolia. Nilikaa nikiyatazama yakipanda, na nitakuambia ukweli ambao sijawaambia wengi: nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Ndipo Mzee arap Sang akafika mlangoni, na hakusalimia. Hilo ndilo lililonitisha kwanza.

"Mama Vero anajua?"

"Nani, mzee?" Nikauliza kama mjinga, na nilijua ni nani.

"Mke ya Ochieng'. Nani ameambia yeye?"

Mama Vero alikuwa mchumaji, siku hiyo yuko kipande cha juu, kule mwisho wa shamba karibu na msitu. Binti yao Vero alikuwa darasa la tatu.

"Sijui, mzee. Labda dereva..."

"Dereva iko hospitali. Mama Vero iko kwa hiyo grupu yako?"

Alikuwamo. Nilimwingiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikafungua ile sehemu ya kuonyesha nani amepokea ujumbe na nani ameusoma. Jina lake halikuwa kwenye waliosoma, wala kwenye waliopokea. Simu yake ilikuwa imezimwa. Wachumaji hawakuruhusiwa kushika simu wakiwa kwenye majani, na Mama Vero alikuwa mtu wa kufuata sheria. Aliizima asubuhi, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaitia ndani ya aproni, ili aje kuiwasha saa tano watu wakikusanyika kwenye mizani kupimiwa majani. Saa ile ilikuwa saa nne na nusu.

Ninyi leo mkikosea mnafuta ujumbe, unatoweka kwa kila mtu. Wakati ule ukishatoka umetoka. Nikafanya nini mimi kwa akili zangu za diploma? Nikaanza kuandika mwingine: "Tafadhali mtu yeyote asimwambie Mama Vero mpaka..." Mzee akaniinamia, akasoma taratibu, akaushika mkono wangu.

"Na hiyo nayo hatasoma?"

Nikaiweka simu mezani. Sikuwa na la kufanya tena kwa kidole.

Yeye akampigia nyapara wa kipande cha juu. Alisema maneno machache tu: mtu asiseme kitu, na mizani icheleweshwe, aseme betri ina shida. Kisha akaniambia nichukue koti, twende. Nilimwomba nibaki. Nilimwambia nitaendelea kuangalia kwenye simu kama ameshaipokea. Akasimama tu mlangoni mpaka nikainuka.

Nilidhani tunapanda moja kwa moja. Kumbe hapana, pikapu ya shamba, mzee akiendesha, ikageuka kuelekea kiwandani. Nikapandwa na wazimu. "Mzee, tunachelewa! Atawasha!" Akasema tunamchukua Mama Peres, mama mtu mzima wa upande wa chumba cha kuchambulia chai, Mjaluo, aliyesali kanisa moja na Mama Vero.

"Sisi wawili hatuwezi," akasema. "Wewe Mkisii, mimi Mkipsigis. Hii habari inataka mtu ya kwao, ashike yeye."

Tukapoteza dakika kumi pale. Mama Peres alitoka na kofia yake nyeupe ya kazi kichwani, aproni imejaa vumbi la chai. Mzee alishuka, akasimama naye pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini. Nikamwona anajishika kiuno. Alipanda gari, akakaa kati yetu, akaanza kuomba kwa lugha yake, midomo tu inakwenda.

Ile barabara ya kwenda juu, mwanangu, unaijua ikinyesha. Gari linakwenda mbele hatua mbili, linateleza upande. Mimi macho yako kwenye ile orodha. Kila mara jina jipya linahamia kwa waliosoma, na kila jina likihama moyo unaniruka nikidhani ni lake. Halafu nikaanza kuona majina ya wachumaji wa kipande cha juu. Wawili. Baadaye watatu. Wale walikuwa wamevunja sheria, simu zinawaka chini ya aproni, na walikuwa wanachuma mstari mmoja naye. Mimi niliyekuwa nikilaani mtandao kila siku, siku hiyo nilimwomba Mungu mnara uanguke. Niliogopa sana. Nilimwona akilini amesimama peke yake katikati ya majani, kikapu mgongoni, anasoma mshumaa wangu.

Tulipofika, watu wameshajipanga kwenye mizani. Nyapara anajifanya anahangaika na betri. Na Mama Vero ndiye wa kwanza kwenye foleni, kikapu kimejaa mpaka juu, anamtania nyapara kwamba betri ikimshinda amwite mke wake aje aitengeneze. Simu alikuwa nayo mkononi, ameshaitoa kwenye nailoni. Kioo kilikuwa kinaanza kuwaka. Wanawake wa nyuma yake walikuwa kimya, mmoja ametazama upande wa msitu kabisa, na nikaona kwamba Mama Vero ameanza kushangaa mbona leo hakuna anayecheka.

Nilitaka kukimbia nimnyang'anye. Mzee akanizuia kwa mkono, akatangulia kwa mwendo wake uleule.

"Chamge, Mama Vero," akamsalimia kwa Kikipsigis.

"Chamge mising, mzee! Leo umekumbuka sisi huku juu?"

"Nimekumbuka. Mtoto ameenda shule?"

"Ameenda, ako sawa."

"Na mvua imewapiga?"

"Imetupiga, lakini majani ni mazuri."

Mimi jasho linanitoka kwapani, na mzee anaulizia mvua! Ndipo akasema, kwa upole, "Mama, naomba simu yako kidogo. Yangu imezima." Mama Vero akampa kwa mikono miwili. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya koti.

Ikaanza kulia humo mfukoni. Ting. Kisha ting, ting, ting, bila kupumua. Watu zaidi ya mia walikuwa wanampa pole.

Mama Vero akacheka. "Wueh! Leo nimependwa mimi!"

Hakuna aliyecheka naye. Mama Peres akapita nyuma yake, akamsaidia kukitua kikapu, akakiweka chini. "Twende nyumbani kidogo, nyathina," akamwambia, yaani mwanangu kwa lugha yao. Mama Vero akamgeukia, akamwona na kofia ya kiwandani mahali ambapo hapakuwa pake saa kama ile. Akanitazama mimi, na simu yangu mkononi. Kicheko kikamwisha taratibu. Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akatembea.

Aliambiwa nyumbani kwake, ameketi, wanawake wamemzunguka, Mama Peres amemshika mikono yote miwili, kwa lugha yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nje kwenye tangi la maji. Nilipokisikia kile kilio nikakaa chini kwenye matope na sketi yangu ya ofisini. Mzee arap Sang alikuja akasimama karibu nami. Koti lake lilikuwa bado linalia. Nilingoja anifokee, na ingekuwa nafuu.

"Uliambia watu wote," akasema, "isipokuwa yule habari ni yake."

Alikwenda kutafuta viti vya wageni.

Nilijifariji kwamba angalau tulimwahi. Aliambiwa na mtu, hakuambiwa na kioo. Walikwenda kumzika Ochieng' kwao ziwani, na mimi nilichanga, nilipika, niliosha vyombo, nilifanya kila kazi ambayo mtu mwenye hatia hufanya. Nikadhani yamekwisha.

Baada ya majuma kadhaa Mama Vero alirudi kazini. Siku ya pili akaja ofisini. Alinisalimia vizuri, akaniulizia watoto, akaketi bila kuharakisha. Halafu akatoa simu, akanionyesha ujumbe wangu. Kidole chake hakikuwa kwenye maneno, kilikuwa pale pembeni kwenye saa.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," akasema. "Mimi niliambiwa saa sita. Unajua hii saa nilikuwa nafanya nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Nilikuwa nachekesha watu. Nilikuwa nawaambia vile Ochieng' alitoka asubuhi na soksi yangu moja, amevaa bila kujua. Tulicheka hiyo mstari yote. Na wewe unajua. Na wale wako na simu chini ya aproni wanajua, wananiangalia nikicheka. Moraa, mliniacha nicheke."

Nilianza kulia. Nilimwomba msamaha, maneno yakigongana. Akangoja nimalize.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja unitoe kwa hiyo grupu. Mimi sijui kutoka, na nikiisikia ikilia naumwa tumbo."

Nikamtoa papo hapo, yeye akitazama. Na unajua simu inavyofanya. Ikaandika pale, kwa watu wote kusoma, kwamba Moraa amemwondoa Mama Vero. Nilikuwa nimemfukuza mjane mbele ya shamba zima, na safari hii kwa ombi lake mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kimya kile kiliniambia wananionaje.

Tangu siku hiyo, kila tangazo nililoandika kwenye grupu nilimpelekea Mama Vero kwa miguu. Saa za mizani zikibadilika, ninapanda. Daktari wa shamba akija, ninapanda. Viatu vya ofisini nikaviacha, nikanunua gambuti. Nikifika namsalimia, namuuliza Vero yuko vipi, na ndipo namwambia. Naye husikiliza, hujibu "Asante, Moraa," basi. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajaniambia siku moja, "Kaa kidogo, unywe chai."

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hili ndilo nililokuitia. Kabla hujatuma neno lolote, jiulize neno hilo ni la nani. Kama ni la mtu mmoja, lifike kwake kwanza, na wengine wangoje, hata wakikulaumu kwamba umechelewa. Mtu akikosea kazini mwite pembeni, usimwandike mbele ya wenzake, kwa sababu yeye atajibu neno moja na kulia nyumbani wiki nzima. Watu wasalimie, hata kwenye simu, hata ukiwa na haraka. Nilikuwa nadhani mzee anapoteza wakati kwa kuulizia mvua. Siku ile ya mizani alikuwa anampa yule mama dakika mbili za mwisho za kuwa mke wa mtu, na mimi nilitaka kumnyang'anya hata hizo. Mtu asipokujibu usimtumie alama za kuuliza tatu tatu. Huenda ana mzigo ambao hutauona kwenye kioo. Na ukihisi ile raha ya kutaka kuwa wa kwanza, iogope. Mimi bado naiogopa. Mpaka leo nikiandika hata tangazo la mkutano, naliweka, nazunguka ofisi, nalisoma tena, na moyo unanidunda. Mnanicheka, nimewaona. Chekeni tu.

Hili grupu nakukabidhi kwa mikono miwili. Mungu akutangulie katika kazi yako, akujalie wenzako wakusikie bila kukuogopa, na usiwahi kuandika neno litakalokufanya ukwepe macho ya mtu njiani. Na siku ya habari nzito ikifika, maana itafika, Mungu akupe miguu ya kuipeleka, na akupe mtu wa kwenda naye.